Spindo na mbao za tao: mnazipitishaje bila kupoteza vidole?

seremala_moro

Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu. Mimi seremala niko Morogoro, karakana yangu ndogo tu, nina bendiso (msumeno wa mkanda), plena (mashine ya kuranda), na juzijuzi nimenunua spindo ya mtumba, ile mashine ya meza ambayo shafti imesimama katikati na visu vinazunguka. Mbao zilizonyooka sina shida nazo, nafunga fensi, ule ubao wa kuegemezea, nasukuma kazi inatoka safi kabisa. Sasa nimepata oda ya milango sita ya mninga, juu tao, mteja anataka ukingo wa ndani wa tao uwe na dizaini ileile inayoshuka pembeni, na juu ya hapo kuna meza ya duara ya mita 1.2, nayo ukingo uchongwe.

Kwenye tao fensi si haina kazi, nikaitoa, nikashika kile kipande kwa mikono miwili nikakisogeza taratibu kwenye visu. Wakuu sijui hata ilikuwaje. Nilisikia paa! kama tairi la lori limepasuka, kipande hakionekani, kumbe kimeruka upande wa kulia kimegonga bati la banda limebonyea na chenyewe kimegawanyika mara mbili. Mikono yangu ilikuwa bado iko hewani imeshika kitu ambacho hakipo. Na dogo ninayemfundisha kazi huwa anasimama upande uleule wa kulia kunipokezea mbao, siku hiyo nilikuwa nimemtuma chapati. Nikazima mashine nikaenda kukaa nje kama nusu saa. Mke wangu sijamwambia mpaka leo.

Naomba wenye uzoefu mnieleze tu, mnaanzaje kugusa kisu pale mwanzo? Pateni, kile kipande cha kufuatisha umbo, inakaa juu au chini? Visu vyangu ni vile vya kubanwa kati ya kola mbili (pete za chuma) kwa nati, vikizunguka duara lake ni kama 125mm. Mashine fezi tatu, spidi nabadilisha kwa kuhamisha mkanda kwenye puli, kibao kinasema 4500, 6000 na 8000.

---

babu_wa_keko

Pole sana kijana wangu, na huyo dogo mwambie kuanzia leo upande wa kulia hakuna mtu kusimama mashine ikiwa inakula. Visu vyako vinazunguka kinyume cha saa ukiviangalia kwa juu, kwa hiyo pale mbele yako vinatoka kushoto kwenda kulia, wewe unasukuma kutoka kulia kwenda kushoto kukutana navyo. Mbao ikinyakuliwa inarudi ilikotoka. Ndio maana bati lililoumia ni la kulia.

Sasa kwa nini ilinyakuliwa. Ukiwa na fensi, mbao imeegemea kabla ya kisu na baada ya kisu, kisu kinapata kile tu fensi ilichokiachia. Kisu chenyewe hakijui kipimo, kipimo ni fensi. Ukiitoa fensi bila kuweka kitu kingine umekiambia kisu kula unavyotaka. Na ulianzia wapi, nina hakika ulianzia kwenye ncha ya kipande, pale penye kona. Hapo ndipo pabaya kuliko pote kwa sababu kisu kinakuta ncha ya nyuzi za mbao, kinaingia chote kwa mara moja.

Kinachochukua nafasi ya fensi ni ringi. Ni beringi pana inakaa kwenye shafti ileile ya visu, lakini duara lake la nje halikimbii na shafti, linajizungukia polepole kufuata mbao yako. Pateni yako inaegemea ringi, mbao imefungwa kwenye pateni, basi kisu kinakula tofauti tu iliyopo kati ya duara la kisu na duara la ringi, ukigawa kwa mbili. Kisu chako 125, ukiweka ringi ya 105 kinaingia 10mm. Ukiweka ya 113 kinaingia 6mm. Ukiweka ya 121 kinalamba 2mm tu. Mimi nina vikombe vya chuma nilivyochongewa na fundi mkereza, beringi moja, vikombe vitatu vya kuvalisha juu yake, naanza na kikubwa namaliza na kidogo. Dizaini ya 10mm huipigi mara moja kwenye mninga, unaipiga mara tatu.

Pateni weka JUU, ringi juu, kisu chini. Nakuandikia kwa herufi kubwa kwa sababu vijana wengi wanageuza. Kisu kikiwa chini mbao yenyewe inakufunika usikiguse, na ikitokea mbao imenyanyuka kidogo inakikimbia kisu. Ukiweka kisu juu, mbao ikinyanyuka inakipandia, na hapo ndio unasikia hiyo paa yako.

Kwa tao la mlango fanya hivi, usikate upande wa nje wa tao kwanza. Acha lile bao likiwa pana, mraba kwa nje, kata tao la ndani peke yake kwenye bendiso ukiacha 2mm ya mstari. Pateni yako plaiwudi ya 18mm, ikatwe na kupigwa msasa mpaka ukipitisha kucha haikwami, maana kila kibonde cha pateni utakikuta kwenye mlango. Na pateni IZIDI mbao pande zote mbili, kama shibiri moja kila upande, inyooke tu kuendeleza tao. Kwa hiyo unapoanza, pateni inagusa ringi kabla mbao haijafika kwenye kisu, na unapomaliza mbao imeshatoka kwenye kisu pateni bado iko kwenye ringi. Skrubu za kushikilia piga kwenye ile sehemu ya nje ambayo utaikata baadaye, matundu yanaondoka nayo. Juu ya pateni funga mishikio miwili ya mbao kama ya randa, mikono yako ikae hapo, mbali na kisu shibiri moja na zaidi. Mbao yenyewe usiishike hata siku moja.

Meza ya duara haina mwanzo wala mwisho kwa hiyo ule mkia wa pateni huna. Hapo unafunga kwenye meza ya mashine, upande wa kulia kabla ya kisu, kipande cha mbao ngumu kilichochongwa ncha au pini ya chuma nene. Pateni unaiegemeza kwanza kwenye pini, ukiwa bado mbali na kisu, ndio unaizungusha polepole kama unafunga mlango mpaka iguse ringi. Ikishagusa ringi unaachana na pini unaendelea. Pateni ifunge kwa skrubu kwenye upande wa chini wa meza, uso wa meza ulalie mashine. Matundu yatakuwa chini nani ataona. Sina haja ya kukwambia skrubu zisipite urefu.

---

mzoefu_tz

Mbona mnamtisha kijana wa watu. Mimi mwaka wa 15 napiga tao kwa mkono mtupu, hakuna pateni hakuna nini, ringi tu basi na vidole vyote ninavyo. Siri ni kushika kwa nguvu na kwenda taratibu, uoga ndio unaua. Mambo ya jigi ni kupoteza plaiwudi ya mteja

---

kidole_na_nusu

Mzoefu heshima yako mkuu, lakini jina langu humu ndani sikulichagua kwa utani.

Mimi nilikuwa mwaka wa 11. Ilikuwa ni mguu wa kiti wa mvule, umepinda kidogo tu, urefu kama sentimita 35, nimeshapiga mitatu imebaki mmoja. Mvule nadhani wote mnajua una mawe ndani, yale ya rangi ya chokaa yanakaa kwenye nyufa za mbao, huyaoni kwa nje. Kisu kikakuta jiwe. Sikusikia hata maumivu, niliona tu maranda yamebadilika rangi.

Hiyo ya kushika kwa nguvu hebu tupige hesabu wakuu. Spidi 6000 kwa dakika ni mizunguko 100 kwa sekunde, visu viwili ni mapigo 200 kwa sekunde. Mtu akishtuka, mpaka mkono upate habari ni kama sehemu moja ya tano ya sekunde. Hapo kisu kimeshapiga mara 40. Unashindana nini? Afu ukishika kwa nguvu ndio mbaya zaidi, kwa sababu unakuwa unasukuma kuelekea kisu, mbao ikiondoka ghafla mkono wako unaendelea na safari. Mwenzetu wa Moro mikono ilibaki hewani kwa bahati tu, angekuwa amekaza ingeenda mbele.

Na kipande kifupi ni kifupi, kama ule mguu wangu, hakiendi kwenye spindo kikiwa peke yake. Kifunge kwenye jigi nzito yenye klampu za kubana na mishikio, au chonga dizaini kwenye bao refu kwanza ndio ukate.

Glavu usivae. Najua mkono utachubuka. Kisu kikishika uzi mmoja wa glavu kinaondoka na kiganja chote.

---

fundi_umeme_A

Naongeza upande wangu maana naona wote mnaongelea visu tu. Hiyo mashine yako ya fezi tatu, ukishaihamisha au fundi umeme akigusa waya yoyote kuanzia nguzoni mpaka kwenye plagi, fezi mbili zikibadilishana nafasi mota inageuka upande. Hutaona tofauti, itaunguruma vilevile. Ila visu sasa vinazunguka na mbao badala ya kuipinga, unasukuma mbao inavutwa na mkono unakuja nayo, na nati ya juu inaweza kuanza kujifungua yenyewe. Nilishaitwa karakana moja, wanasema mashine ina pepo inavuta mbao, nikabadilisha waya mbili pepo likaondoka wakanilipa na soda. Kila ukihamisha mashine, toa visu, washa uzime, angalia shafti inazunguka upande gani, chora mshale kwa maka peni mezani.

La pili, mashine za mtumba nyingi zimefungwa swichi ya kawaida ya kushusha na kupandisha. Umeme ukikatika katikati ya kazi mashine inasimama, wewe unaanza kufungua nati, kubadilisha kisu, umesahau kuzima. Umeme unarudi. Funga stata ya sumaku, ile yenye kitufe cha kijani na chekundu, umeme ukikatika inajiachia na haiwaki mpaka ubonyeze tena. Na kubadilisha visu unachomoa plagi kabisa unaiweka mbele ya macho yako, sio kuzima tu.

Jioni volti zikiwa chini acha kazi hii. Mota ikichoka mzunguko unapungua, wewe unasukuma kwa mwendo uleule, kila kisu kinameza tonge kubwa zaidi ya kawaida.

---

mtz_uk

Nafanya kazi kwenye karakana ya milango huku Uingereza, nasoma uzi huu nimestuka kitu kimoja tu mmekipita. Hivyo visu vyako vya kubanwa kati ya kola mbili, ndugu yangu, vitoe. Vinashikiliwa na msuguano wa nati tu, hakuna pini hakuna skrubu. Kimoja kikiwa kinene kuliko mwenzake hata unene wa karatasi, kile chembamba hakijabanwa na kitatoka kama risasi. Huku kwenye mashine ya kusukuma kwa mkono tunatumia bloku (kichwa cha chuma kinachobeba visu) zenye alama ya MAN, kisu kimeingia kwenye mfuko wake na kina pini ya kukizuia, na mbele yake kuna kizuizi cha chuma kinachofanya kisu kisitokeze zaidi ya 1.1mm. Hata ukikosea ikanyakua, inanyakua kidogo. Haizuii ajali zote ila inakupa nafasi.

Spidi: bloku ya 125 kwa 6000 ncha ya kisu inakwenda kama mita 39 kwa sekunde, kwa 8000 ni 52. Kazi ya mkono inatakiwa iwe kati ya 40 na 70 hivi, kwa hiyo hiyo 8000 ni nzuri KAMA bloku imeandikwa inaruhusu. Imechorwa kwenye chuma chenyewe, n max na namba. Kama haijaandikwa kitu usikisie. 4500 sahau kwa bloku hiyo, watu wanadhani polepole ndio salama kumbe kisu kikienda polepole kinang'ata badala ya kukata. Spidi ndogo ni kwa bloku kubwakubwa.

Na kabla hujawasha zungusha shafti kwa mkono mzunguko mzima, mbao ikiwa imekaa mahali pake. Sisi hata waliokaa miaka 30 wanafanya.

---

seremala_moro

Wakuu nawashukuru sana, sikutegemea haya yote. Mzee wa Keko nimechapisha ulichoandika nimekibandika ukutani. Visu vya kola nimeviweka kwenye kopo nimevifunika, kuna jamaa ananitafutia bloku Dar yenye maandishi. Stata nimefunga jana.

Swali moja limebaki. Nimejaribu tao la kwanza kwa paina kabla sijaharibu mninga, kwa bloku ya kuazima ya 125 nayo imeandikwa, na ringi ya 121. Haikuruka, haikushtuka, nilikuwa natetemeka mimi tu. Ila nusu ya tao imetoka laini kama imepigwa msasa na nusu nyingine imechanika vinyweleo, kuna sehemu imemeguka kabisa pale mwishoni. Kisu kilekile pateni ileile. Kosa nini?

---

babu_wa_keko

Sio kosa, ni nyuzi. Kwenye tao la ndani, ukiwa unateremka kuingia kwenye bonde unakata kwa nyuzi, ukianza kupanda kutoka bondeni unakata kinyume chake. Kwa nje ya duara ni hivyohivyo, ukiteremka kutoka kwenye mgongo ni laini, ukiupanda inachanika. Na meza yako ya duara itakufanyia hivyo robo kwa robo, mbili nzuri mbili mbaya, jiandae.

Dawa ni kulamba kidogo. Mara ya mwisho kabisa acha nusu milimita au moja tu, kisu kiwe kimenolewa siku hiyohiyo, na kwenye robo mbaya mwendo wako uwe wa pole zaidi lakini usisimame, ukisimama inaungua.

Hiyo iliyomeguka mwishoni ni kitu kingine. Umekata tao zima kwenye bao moja si ndio? Pale ncha za tao nyuzi zinakuwa fupi zimelala kukatiza, hazina nguvu. Tao unaliunga vipande vitatu au vitano, kila kipande nyuzi zake zifuate upinde kadiri inavyowezekana, kwenye maungio unaingiza ulimi wa mbao na gundi. Waliokutangulia waliunga, na si kwa sababu ya kukosa bao pana. Na gundi ikauke usiku mzima kabla haijaenda karibu na spindo, kipande kikiachia hapo ni kombora.

---

bin_seremala_mvita

Yakhe nimewasoma wote maneno mazuri. Mimi niko Mombasa twatengeneza vitanda na milango, langu moja tu: yale maua na mawimbi madogo madogo ya kichwa cha kitanda msiyapeleke kwenye spindo. Ringi yako ikiwa 105 basi haiwezi kuingia kwenye bonde ambalo upinde wake ni mdogo kuliko duara la ringi yenyewe, itakaa juu tu ipande kona. Hapo ni ruta ya mkono (mashine ndogo ya kuchonga) yenye kisu cha beringi ndogo, na kona za ndani kabisa wamalizia kwa patasi. Milango yetu ya pwani hii maua yote ni patasi na nyundo ya mbao mpaka leo. Spindo ni ya mistari mirefu na tao kubwa.

Na vumbi la mvule na mninga jamani vaeni barakoa ya maana, si kitambaa. Mwenyewe mvule wanipa mafua wiki nzima.

---

mzoefu_tz

Hiyo ringi ya vikombe vitatu babu inakerezwa kwa kipimo gani cha ndani, shafti yangu ni 30mm. Nauliza tu

---

babu_wa_keko

Beringi ndani 30 iingie kwenye shafti bila kucheza na bila kugongwa na nyundo. Vikombe vibane duara la nje la beringi yenyewe, mpelekee mkereza hiyo beringi mkononi usimpelekee namba. Na ukifunga, juu ya nati weka kinga ya kufunika, hata ya plaiwudi kwenye mkono wa chuma, maana ringi ikiwa juu ile nati inazunguka usawa wa tumbo lako na mashati ya mafundi wetu unayajua vifungo havipo.

---

seremala_moro

Mrejesho wakuu. Bloku yenye maandishi ilifika, milango minne imeisha, tao la vipande vitano, ringi tatu. Mlango wa pili nilizungusha shafti kwa mkono kama alivyosema jamaa wa Uingereza nikasikia kii... kisu kimegusa skrubu. Nilikuwa nimeipiga upande wa ndani kwa kujisahau, ingewashwa sijui leo ningekuwa naandika na nini. Nimeitoa nimeipigilia mlangoni mwa karakana.

Meza ya duara naianza Jumatatu. Pini nimeifunga tayari, dogo nimemchorea mstari sakafuni upande wa kulia kwa chokaa asivuke. Jana nimemkuta ameuweka mguu juu ya mstari anapima kama nitaona.